Mita moja ya Mwanza si mita moja ya Dar es Salaam

Mhariri,

Kila gazeti lako linapochapisha utabiri wa hali ya hewa ya Ziwa Victoria, msomaji hupewa namba moja tu ya mawimbi, nayo ni kimo: "mawimbi ya hadi mita 1". Tunaomba iongezwe ya pili, yaani sekunde zinazopita kati ya kilele kimoja cha wimbi na kinachofuata. Bila hiyo, mita 1 haimwambii mvuvi wa Igombe wala nahodha wa boti ya Ukerewe jambo la kumsaidia.

Hesabu yake ni fupi. Kwenye kina kirefu, urefu wa wimbi (kutoka kilele hadi kilele, tusiuchanganye na kimo) hupatikana kwa kuzidisha sekunde hizo kwa zenyewe, kisha kwa 1.56. Wimbi la sekunde 4 lina urefu wa mita 25. La sekunde 8, ambalo si geni kwenye bahari ya wazi, lina mita 100. Sekunde zimeongezeka mara 2, urefu mara 4. Sasa yape yote mawili kimo cha mita 1. Lile la baharini ni mwinuko wa pole; boti ya mita 12 hupanda nzima na kushuka nzima. La ziwani, nusu ya urefu wake ni mita 12 na nusu, kwa hiyo omo (mbele ya boti) ikiwa kileleni, tezi (nyuma yake) iko bondeni. Boti ile ile, mita ile ile, ila huku abiria wanashikana mashati.

Wimbi hukuzwa na vitu vitatu: kasi ya upepo, muda unaovuma, na umbali wa maji unaoupitia kabla ya kukutana na nchi kavu. Hicho cha tatu ndicho kinachotubana. Upepo ukivuka Ghuba ya Mwanza kutoka upande wa Sengerema una kilomita chache tu za kufanyia kazi, hivyo unatoa mawimbi mafupi yenye mteremko mkali. Yana kikomo pia: kimo kikifika sehemu 1 ya 7 ya urefu, wimbi linajivunja hata katikati ya ziwa.

Karibu na ufuko mambo hubadilika. Wimbi huanza kuhisi sakafu ya ziwa pale kina kinapokuwa chini ya nusu ya urefu wake. Kwa hili letu la sekunde 4, ni mita 12 na nusu. Likizidi kuja linapunguza mwendo, linafupika, kisha linapanda. Sekunde zake hazibadiliki hata moja. La mita 1 huvunjika kina kikifika kama mita 1.3, na hiyo ni habari ya bure kwa mwenye boti katika mji huu wa mawe: povu likirudi mahali pale pale kila baada ya sekunde 4, chini yake pana mwamba au fungu la mchanga, na kina chake unaweza kukikadiria kwa kutazama kimo cha wimbi linalovunjikia hapo.

Kupima sekunde hakuhitaji mashine. Tafuta kitu kisichosogea, nguzo ya gati kwa mfano. Kilele cha kwanza kikigusa nguzo, washa saa ya simu na useme "sifuri", si "moja". Kilele unachokiita cha kumi kikigusa, zima, gawanya kwa 10. Anayeanza na "moja" amepima nafasi 9 akagawanya kwa 10. Sekunde zinapungua kwa asilimia 10, na kwa kuwa zinazidishwa kwa zenyewe, urefu unapungua kwa asilimia 19. Viwimbi vilivyopanda mgongoni mwa wimbi kubwa visihesabiwe.

Wala usipimie ndani ya boti inayotembea. Wimbi letu la sekunde 4 husafiri mita 6.2 kwa sekunde. Boti ya mita 5 kwa sekunde ikielekeana nalo hupigwa kila baada ya sekunde 2.2. Ikigeuka na kwenda nalo, kilele kinaipita kila baada ya sekunde 20 hivi, na abiria watasema ziwa limetulia. Halijatulia. Tazama dumu tupu linaloelea: kilele kikipita linasogea mbele, bonde likipita linarudi karibu pale lilipokuwa, kwa sababu maji yenyewe huzunguka tu, hayasafiri na wimbi. Boti inayokwenda na wimbi hukaa sekunde nyingi kileleni, pale ambapo maji yanakwenda upande wake. Usukani unakosa maji ya kuushika, tezi inasukumwa pembeni, na boti inalala ubavu mbele ya wimbi linalofuata. Nahodha apunguze mwendo mapema, kabla hajaikaribia kasi ya wimbi, aliache lipite.

Walimu wawili wa fizikia,
Mwanza