Barua ya wazi kwa Rais Biden, Julai 2023: liondoe jina la Elliott Abrams

Mheshimiwa Rais Joe Biden,

Shikamoo mzee. Nakuamkia kwa heshima, na ujue anayekuandikia si mpinzani wako, 2020 nilikupigia kura na ndiyo ilikuwa kura yangu ya kwanza maishani. Nilishatuma ujumbe kwa Kiingereza kwenye ofisi zenu bila jibu, sasa naandika hadharani kwa Kiswahili ili hata niliokaa nao kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wasome.

Julai hii umetangaza unataka kumteua Elliott Abrams kwenye tume inayoshauri jinsi Marekani inavyojieleza kwa watu wa dunia. Abrams huyuhuyu! Unamjua kuliko mimi, mmekuwa wote Washington tangu miaka ya 70. Alianzia chama chako cha Democratic, akafanya kazi kwa Seneta Henry Jackson halafu kwa Moynihan, akaoa kwenye familia ya Norman Podhoretz, mhariri wa Commentary, jarida lililowalea wahafidhina mamboleo, wale wanaotaka Marekani itumie nguvu zake kubadilisha nchi nyingine. Reagan alipoingia naye akahamia Republican, na 1981 akapewa idara ya haki za binadamu Wizara ya Mambo ya Nje.

Desemba mwaka huohuo kikosi cha Atlacatl cha jeshi la El Salvador, kilichofundishwa na Wamarekani, kiliingia El Mozote na vijiji vya jirani kikaua karibu watu 1,000. Waandishi wa New York Times na Washington Post walifika, wakaona maiti, wakaandika. Februari 1982 Abrams akaenda mbele ya Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti akasema habari hizo haziaminiki, eti waasi waliokuwa wanapigana na jeshi hilo wanazitumia kwa faida yao. Wewe mzee ulikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Miaka kumi baadaye wataalamu wakafukua jengo moja tu pembeni ya kanisa, wakakuta mifupa ya watu zaidi ya 140, karibu wote watoto wadogo. Na hata baada ya hapo Abrams aliendelea kusema kazi ya Marekani El Salvador ilikuwa mafanikio makubwa.

Mimi ni mtu wa Fizi, Kongo. Sisi tunajua kijiji kinavyomalizwa, na tunajua inavyouma mtu wa mbali aliyevaa tai anaposema hayo hayakutokea. Rufina Amaya, mama aliyenusurika El Mozote, alijificha akawasikia watoto wake wanauawa, akasimulia hivyohivyo mpaka alipofariki 2007, na aliyemkanusha hakuwahi kukosa kazi.

Tena ngoja niseme la kwetu. Mama yangu kwenye usaili wa ukimbizi alikosea mwaka aliozaliwa mdogo wangu, mtoto aliyezaliwa njiani tunakimbia, nani alikuwa na kalenda? Faili likasimamishwa, tukaulizwa upya, tukarudishwa, mwisho sisi tukaondoka na mdogo wangu akabaki, mpaka leo yuko kambini, naye mama kila akimpigia simu analia. Kosa la mwaka mmoja tu. Halafu nilipoomba uraia fomu ikaniuliza kama nimewahi kumpa afisa wa serikali ya Marekani taarifa za uongo au za kupotosha, nikajibu huku natetemeka, na ada nililipa dola 725 ambazo nilizitafuta kiwandani kwenye nyama, usiku.

Abrams je? Aliomba dola milioni 10 kwa Sultani wa Brunei kwa ajili ya waasi wa Contra wa Nicaragua, akalificha Bunge. 1991 akakiri mahakamani makosa mawili ya kulificha Bunge taarifa. Adhabu yake faini ya dola 50, uangalizi wa miaka miwili na saa 100 za kazi za jamii. Mkesha wa Krismasi 1992 Bush baba akamsamehe. Dola 50 mzee!

Baada ya hapo vyeo vikaendelea. 1998 alikuwa kati ya waliosaini barua ya kumtaka Clinton amwondoe Saddam, Bush mtoto akampeleka Ikulu kushughulikia Mashariki ya Kati wakati Iraq inavamiwa, 2019 Trump akampa kazi ya kushughulikia Venezuela. Mwaka huo Mbunge Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi kambi ya wakimbizi karibu na Mombasa, alimuuliza bungeni kuhusu El Mozote, Abrams akasema hilo ni shambulio, si swali, hajibu. Mimi siku ile nilisimama sebuleni peke yangu.

Nadhani najua imekuwaje. Tume ina viti 7 na chama kimoja hakiruhusiwi kuzidi 4, basi labda Republican wamekuletea jina nawe ukalipitisha ili mambo yaende. Lakini saini ni yako. Februari 2021 ulisimama Wizara ya Mambo ya Nje ukasema Marekani imerudi, diplomasia imerudi, baadaye ukasema haki za binadamu zitakuwa katikati. Niliyaamini na nikawaambia watu huku kwetu Iowa wayaamini. Kiwandani nafanya kazi na mama mmoja wa El Salvador, ameniuliza ni kweli, nimeshindwa kumtazama.

Nilikuwa na mengi ya kuomba, la mdogo wangu, la kambi, la mafaili yaliyokwama. Nayaacha yote leo. Seneti haijapiga kura bado. Liondoe hilo jina mzee, tafuta Republican mwingine yeyote ambaye hajawahi kulificha Bunge lenu ukweli, wapo. Liondoe tu.

Wako,
Mkimbizi wa zamani, raia wa sasa, Iowa