Wajukuu msiwaunganishe na mababu

Mhariri naomba kanafasi, vijana wengi sasa wanaingiza ukoo kwenye programu kama Gramps na ni jambo zuri sana, ila wakiona jina limejirudia wanaunganisha fasta kana kwamba ni mtu mmoja, kumbe kwetu mjukuu anapewa jina la babu, Juma Ali anamzaa Ali Juma naye anamzaa Juma Ali, hao ni watu wawili jamani! Cheki kwanza mwaka wa kuzaliwa, mama na mke. Na baba mdogo hata kama ndo kakulea usimwandike baba mzazi, watoto wake ambao ni binamu zako watatokea ndugu zako wa baba mmoja. Faili la GEDCOM nalo, lile la kuhamishia data za ukoo toka programu moja kwenda nyingine, ukiliingiza mara ya pili ukoo mzima unajirudia, fanyeni bekapu kwanza.

Msomaji wenu, Tanga