Barua ya wazi kwa bibi na mashangazi wanaolea wazazi: mtoto aliyenyamaza ghafla si mtulivu

Akina bibi wenzangu, mashangazi na mama wadogo mnaopeana zamu za kumlea mzazi aliyetoka kujifungua, kuanzia Mbagala hadi Tegeta,

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Nawaandikia ninyi badala ya mama mzazi kwa sababu ninyi ndio mnaomwogesha mtoto, mnaombeba usiku, na mara nyingi ndio mnaoamua apelekwe hospitali leo au asubiriwe hadi kesho. Aliyejifungua wiki hii bado ana maumivu na usingizi.

Mtoto mchanga haugui kama mtoto wa miaka miwili. Mkubwa akiugua hulia, huchemka, hukohoa. Mchanga ambaye wadudu wameingia kwenye damu mara nyingi hunyamaza: anaacha kunyonya, analegea, anazidi kulala, na mwili wake unaweza kuwa wa baridi badala ya moto. Huku sebuleni tunasifia kwamba mtoto hasumbui. Aliyenyonya vizuri jana na leo anaamshwa hataki, huyo anaumwa, na hali yake inaweza kubadilika ndani ya saa chache.

Kwa hiyo saa ya kuoga iwe ndiyo saa ya kumkagua. Asiogeshwe kabla ya kutimiza saa 24. Baada ya hapo chagueni mchana wenye joto, zimeni feni, pimeni maji kwa kiwiko. Mvueni nguo zote penye mwanga, na kabla hajaguswa na maji, mtazameni.

Anzeni na pumzi, akiwa ametulia. Wekeni simu ihesabu dakika moja, mhesabu tumbo linavyopanda. Iwe dakika nzima, maana mchanga hupumua upesi, akasita sekunde chache, akaendelea. Ukihesabu robo dakika na kuzidisha utadanganyika. Zikifika 60 au zaidi, hesabuni tena. Zikirudi vilevile, au nyama ya chini ya mbavu inadidimia sana kila anapovuta hewa, au anaguna kila pumzi, kuoga kumekwisha: mfunikeni mwende.

Kisha manjano, na hapa ndipo tunapokosea zaidi kwa sababu ya rangi ya ngozi zetu. Usiitazame ngozi ilivyo. Bonyeza paji la uso kwa kidole, achia, tazama rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Angalia weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano inayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura. Inayoanza siku ya pili au ya tatu ikaishia usoni na kifuani, huku mtoto ananyonya na kuamka vizuri, kwa kawaida hupungua yenyewe, lakini mwonyesheni mhudumu. Ikifika viganjani na nyayoni, au mtoto amelegea, ni hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kinacholeta ile rangi kikizidi kwenye damu huingia kwenye ubongo na kumwachia mtoto uziwi au viungo vilivyokakamaa maisha yake yote. Kumwanika jua la asubuhi si tiba ya hali hiyo. Hospitali kuna taa maalumu za mwanga wa bluu. Na manjano iliyopita siku 14, choo kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi, ni dalili kwamba njia ya nyongo huenda imeziba. Huyo pia asicheleweshwe.

Kuna jambo la manjano ambalo halisemwi vya kutosha. Zile kanga na nguo za mtoto zilizotunzwa sandukuni na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende, msimvike. Huku pwani wapo watoto wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, na harufu ya naftalini peke yake inaweza kuzipasua chembe nyekundu za damu yao. Mtoto akageuka manjano ghafla, na nyumba nzima ikabaki inatafuta mchawi.

Kitovu kiachwe kikavu, kisitiwe kitu chochote isipokuwa dawa aliyoitoa mhudumu wa afya. Kile kikonyo ni mlango uliofunguka kuelekea kwenye damu. Majivu, mate, unga wa mizizi na mafuta yaliyokaa kwenye kopo hupitisha wadudu hapo, na wa kuogopwa kupita wote ni wa pepopunda. Mtoto aliyekuwa ananyonya anashindwa kufungua kinywa, kuanzia siku ya tatu hadi mwisho wa mwezi wa kwanza, kisha anakakamaa akiguswa. Wengi huita degedege na kwenda kwa mganga. Kunjeni nepi iishie chini ya kitovu ili mkojo usikiloweshe. Hudondoka kati ya siku ya 5 na ya 15, na najua hofu iliyopo kwa mtoto wa kiume kikimwangukia sehemu za siri. Isiwafanye mkivute kabla ya wakati wake. Ngozi ya tumbo ikiwa nyekundu kukizunguka, au usaha ukitoka, mpelekeni.

Matiti ya mtoto yakivimba, au binti akitoa damu kidogo ukeni wiki ya kwanza, ni homoni za mama zinazomwishia. Msikamue.

Kuhusu kunyonya: dang'a, yale maziwa ya mwanzo kabisa, haimwagwi, na mtoto ananyonya mara 8 hadi 12 usiku na mchana. Joto la Dar la Januari hadi Machi halimpi ruhusa ya kunywa maji. Zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji tayari. Maji ya chango, asali na maji ya sukari hujaza tumbo dogo lisilo na nafasi, na huleta kuhara. Mkitaka kujua kama maziwa yanatosha, hesabuni nepi: kuanzia siku ya tano ziwe 6 au zaidi zenye mkojo kwa siku, na choo cheusi kama lami kiwe kimegeuka njano. Uzito hushuka siku za mwanzo, na aliyezaliwa na kilo 3 anaweza kufika 2.8. Akishuka chini ya 2.7, au siku 14 zikapita hajarudi kwenye uzito wake, kuna tatizo. Tafadhali, msikimbilie kusema amebemendwa na kuwagombanisha wazazi. Mtazameni anavyoshika titi, kisha mpelekeni akapimwe.

Hao wanaovikwa blanketi, kofia na soksi mchana wa Februari hutoka harara na hata kupata homa. Gusa kifua au shingo, usihukumu kwa mikono yake. Kipimajoto cha kwapani kikisoma 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, ni safari. Aliye chini ya kilo 2.5 akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, muda mwingi iwezekanavyo. Jiko la mkaa la kumkandia mzazi libaki nje, kwani hewa yake huua bila harufu. Wanja mwingine una madini ya risasi, na uzi wenye mvuje shingoni unaweza kumkaba. Yote mawili muyaache.

Ahadi za kliniki za siku ya 7, ya 28 na ya 42 zisirukwe hata kama arobaini haijatimia.

Mkilazimika kutoka usiku, msimsubiri baba arudi kutoka kazini. Mtoto awekwe kifuani ngozi kwa ngozi ndani ya kanga, hata kwenye bajaji, na anyonye njiani kama anaweza. Ulizeni leo kama zahanati ya mtaani inafungua usiku. Kama haifungui, muamue mapema ni hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala. Kadi ya kliniki na nauli vikae pamoja kwenye mfuko mmoja karibu na mlango.

Bibi yenu, mkunga mstaafu
Dar es Salaam