Somo la wiki hii, na samahani kwa kuchelewa

Bwana asifiwe wapendwa. Ujumbe huu ulikuwa uje jana usiku, ila kitinda mimba wetu alimwaga maziwa kwenye godoro dakika ileile naanza kuandika. Nikafoka. Baadaye nikaenda kusali nikiwa na aibu.

Wiki hii tusome 1 Wafalme 19:1–8. Nabii Eliya amechoka hadi anaomba afe, pale chini ya mretemu, kile kichaka cha jangwani. Tazameni malaika anachofanya: hamkemei, wala hamhubirii. Anamgusa na kumwambia ale. Mkate na maji, basi. Eliya anakula, analala tena, anaamshwa mara ya pili ale. Ndipo anapata nguvu za kutembea siku 40 hadi Horebu, mlima wa Mungu. Mimi hapo kwenye “analala tena” ndipo niliponasa, maana nimezoea kudhani nikichoka ni imani imepungua.

Kwa hiyo msijilaumu mkikosa saa nzima ya maombi. Susanna Wesley, mama yao John na Charles walioanzisha Umethodisti, alizaa watoto 19, na husimuliwa kwamba alijifunika aproni usoni ili asali. Watoto wakiiona wanajua mama asisumbuliwe. (Nimejaribu na shuka. Wangu walidhani ni kibe.)

Alhamisi saa 3 usiku tutaombeana hapa kwa sauti. Ukiwa bado unalaza watoto, andika tu ombi lako, hata neno moja. Akina baba, nanyi pia. Mmekuwa kimya mno.