Barua kwa mwanangu: hao mavolantia wako watakula saa ngapi?

Babangu,

Salaam aleikum. Sisi wazima, bibi yako goti limempoa kidogo, joto la kaskazi ndo linaanza kutupika lakini tushazoea. Ile listi ya shifti za mavolantia, hao wanaojitolea kwenye kambi yenu ya maskauti, uliyonitumia nimeisoma jana baada ya isha, nikatafuta miwani nikaipitia mstari kwa mstari. Nzuri mashallah, rangi rangi, kila mtu na shifti yake, geti, jikoni, maji, usajili, huduma ya kwanza. Sasa nimeisoma mara mbili nzima na sijaona hao watu wako watakula saa ngapi. Vijana wageni wana saa ya chai, ya mchana, ya usiku. Mavolantia hawana hata kikombe.

Usinicheke. Kuna kitu sijawahi kukuhadithia manake chanitia haya. Kabla sijakuzaa nilijitolea kwenye kambi moja ya vijana, wageni wa kila nchi, jina silitaji. Nikapewa stoo. Mikate, sabuni, mishumaa, vyote mle ndani, na ufunguo mmoja tu, ninao mie. Nikaambiwa nikae mpaka saa sita atakuja mwenzangu anipokee. Saa sita hakuna mtu, saa nane hakuna mtu, adhuhuri nimeiswali pale pale nyuma ya magunia, kila anayepita na beji nikimuuliza ananambia subiri nakuja, harudi. Maji sikuletewa, chakula naskia harufu yake tu. Ilipoadhiniwa alasiri nikafunga mlango, nikavaa buibui langu, nikapanda matatu nikaenda zangu nyumbani na ufunguo kwenye pochi. Usiku wakavunja kufuli ndo watoto wa watu wakapata mikate. Nilisemwa wee, eti nimetoroka kazi, na kweli nilitoroka sikatai, lakini kazi haikunishinda babangu, magunia nilikuwa nabeba. Kilichonishinda ni kukaa siku nzima na hakuna hata mmoja anayejua kama nipo.

Kwa hivo hiyo grupu yenu ya WhatsApp ya watu mia na kitu, mie ningekuwa wewe nisingeitegemea kabisa. Utauliza nani anaweza kushika geti saa moja, wote watasoma, tiki za buluu hizo, kimya, kila mtu asema moyoni atajibu mwengine. Wagawe wanane wanane au tisa tisa, kila kikundi na mkubwa wao, yeye ndo ajue nani ana mgongo hawezi kubeba, nani anafunga Jumatatu na Alhamisi, nani hajafika na kwa nini. Si nyinyi maskauti ndo mwajua haya kuliko mimi? Baden-Powell, huyo mwanzilishi wenu aliyezikwa hapo Nyeri, kambi yake ya kwanza kule kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907 ilikuwa na vijana kama ishirini tu na bado aliwagawa vikundi vine. Na mpaka leo kwenye Jamboree ya dunia, ile kambi kuu ya maskauti, wanakuja watu maelfu lakini kijana anakaa kwenye kikundi cha watu tisa, vikundi vine hivo na viongozi wanne, arubaini, basi. Sasa mbona wageni muwagawe hivo halafu wafanyakazi wenyewe muwarundike kama mizigo ya gati?

Na joto. Najua ushachoka kusikia habari ya Jamboree ile ya Korea ya 2023, pale Saemangeum, uwanja waliofukia bahari hauna hata mti, watu zaidi ya elfu arubaini katika jua la Agosti, mamia wakaugua, Waingereza wakawahamishia watu wao mahoteli ya Seoul, halafu kimbunga kikaja wakaondoshwa wote. Yule wa usajili anaweza kujibanza kwenye hema, lakini wa geti na wa kuelekeza magari wako juani na kambi yenu ni Disemba. Jua la mchana masaa mawili mtu abadilishwe, sio sita, na apate mwavuli na maji, hata kama ni kijana wa Kisauni na anajifanya hasikii joto.

Huyo wa Kisauni mwenyewe atavuka kwa feri ya Likoni, si ndo hivo? Feri moja ikiharibika shifti yako nzima imekufa, na yule wa usiku macho mekundu anangoja kupokewa kama mie na ufunguo wangu. Shifti zipandane nusu saa. Mkipata basi lipitie barabara ya Dongo Kundu, isiyopita kwenye feri, hata kama ni mzunguko. Na nauli warudishieni siku ile ile, habari ya mwisho wa kambi tutaona, aa. Huko kwenye Jamboree wanaojitolea wanalipa ada yao wenyewe wakaoshe masufuria ya watu, haya, wana pesa zao hao. Wako wanahesabu shilingi za matatu.

Ijumaa umeijaza mpaka saa nane mchana, sijui ulikuwa wafikiria nini. Ongea na wenzako wa kanisani wakushikieni kuanzia saa sita, nanyi muwashikie Jumapili asubuhi, wala hawatakataa, hapa mtaani tumefanya hivo miaka. Na mahema ya watoto wadogo mtu asiende peke yake, wawili wawili, hata akiwa ni rafiki yako wa damu.

Bas, nambie mko wangapi pamoja na wale wa akiba, manake kilo moja ya mchele naikadiria watu wanane, na ukinambia sitini wakaja themanini aibu ni yangu sio yako. Masufuria nishayapata kwa wale mashoga zangu wa harusi, ukwaju nitaukamua mwenyewe. Pilau itakuwa tayari saa sita, ya mavolantia kwanza, wageni wana jiko lao.

Na hiyo stoo yenu, mchonge funguo mbili.

Mamako