Mpira namba 7 si wa mtoto wa miaka tisa

Mhariri,

Kila msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ukikaribia, pembeni mwa viwanja vya mpira wa kikapu husikika malalamiko yale yale: vijana hawajui kutupa mpira golini, hawatoi pasi, wote watano wanaukimbilia mpira kama kuku waliomwagiwa mtama. Malalamiko ni ya kweli. Tunachopinga ni kumlaumu kijana wa miaka 16 kwa kosa alilofanyiwa akiwa na miaka tisa, siku aliyopewa mpira wa watu wazima na kuambiwa autumbukize kwenye goli la watu wazima.

Mpira namba 7, ule wa wanaume, una uzito wa gramu 580 hadi 620, na goli lake liko mita 3.05 juu ya ardhi. Mtoto wa darasa la tatu au la nne hana nguvu ya kuufikisha huko kwa mtupo sahihi. Mwangalie kwa ukaribu anapojaribu. Anaushusha mpira hadi usawa wa nyonga, kiwiko kinatoka nje kama bawa, mgongo unapinda, kisha anausukuma kwa mikono miwili huku kidole gumba cha mkono wa pili nacho kikisukuma. Mpira unaondoka ukizunguka kiupandeupande. Ukibahatika kuingia, watu wanapiga makofi, na mwili wake unakariri. Akifika miaka 15 nguvu anazo, lakini mkono hautaki tena kubadilika, na mabeki warefu wanamzuia kila anapotupa kwa sababu mpira unaanzia chini.

Dawa yake imejulikana siku nyingi. Watoto walio chini ya miaka 12 wacheze na mpira namba 5, usiozidi gramu 500, kwenye goli la mita 2.60. Wasichana wakivuka umri huo waende namba 6, wavulana nao wapite namba 6 kabla ya kushika 7. Mkononi mwa mtoto tofauti ya gramu 100 ni kubwa mno.

Tunajua jibu la shule nyingi: magoli mafupi hatuna. Fundi wa kuchomelea wa mtaani anaweza kuyatengeneza. Pete ya goli ina upana wa ndani wa sentimita 45, na nondo ya milimita 16 inatosha. Kosa la mafundi wengi ni kukata nondo ya sentimita 141, kwa hesabu ya 45 mara 3.14. Wakishaikunja, unene wa nondo unakula nafasi na pete inabaki na sentimita 43 na kidogo. Ikatwe sentimita 146 na nusu. Ubao wa watoto ni mita 1.20 kwa 0.90, kwa hiyo plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8 inatoa mbao mbili. Ukingo wa ndani wa pete uwe sentimita 15 kutoka kwenye ubao. Ukibanwa zaidi ya hapo, mtoto atajifunza kulenga mahali ambapo kwenye uwanja halisi hapaingizi. Nguzo ichimbiwe nje ya mstari wa mwisho ili asiigonge anapomalizia kukimbia. Upepo wa mpira nao upimwe: ukiuachia kutoka usawa wa kichwa cha mtu mzima, urudi usawa wa kiuno. Ukilala chini ya hapo, mtoto atalazimika kuupiga kwa kiganja ili umrudie, na kudunda kwa kiganja ni tabia inayochukua miezi kuiondoa.

Vifaa vikiwa sawa, tunasihi walimu wasianze na kutupa. Waanze na miguu. Mtoto asiyejua kusimama hawezi kutoa pasi nzuri wala kutupa vizuri, maana kila kitu anakifanya akianguka mbele. Kuna namna mbili za kusimama: kutua kwa miguu yote miwili pamoja, magoti yamekunjwa, makalio yamerudi nyuma kidogo, au kutua kwa mguu mmoja kisha wa pili. Aliyetua kwa miwili pamoja ana hiari ya kuchagua mguu wa kuzungukia. Aliyetua mmoja mmoja hana hiari: wa kwanza kugusa chini ndio mhimili wake. Afanye hivyo bila mpira kwanza, mwalimu akipuliza filimbi, wote wanasimama. Anayeyumba ameinua kichwa mno au ameleta miguu karibu mno.

Hata hivyo, filimbi nyingi za treveling, yaani kosa la kutembea na mpira bila kudunda, kwa watoto hazitokani na kusimama, zinatokana na kuondoka. Mtoto amesimama na mpira, mhimili ni mguu wa kushoto, mbele yake yupo mpinzani. Anachomoka kwa hatua ya kulia, kisha ya kushoto, ndipo anakumbuka kudunda. Sheria inataka mpira uwe umetoka mkononi kabla mhimili haujainuka. Kumweleza hivyo kwa maneno hakumsaidii. Mwambie mguu wa kulia na mpira vifike chini pamoja, mpira ukidundia pembeni mwa kiatu hicho hicho. Arudie mara kumi polepole bila mpinzani, halafu abadilishe upande. Ukisikia sauti moja, amepatia. Ukisikia mbili, amechelewa, arudie.

Leiapu, yaani kufunga karibu na goli ukitoka kwenye hatua mbili, ifundishwe kutoka mwisho kwenda mwanzo. Anayetupa kwa mkono wa kulia asimame hatua moja kutoka golini, akanyage kushoto, ainue goti la kulia, auweke mpira kwenye kona ya juu ya kile kisanduku cha ubaoni. Akiweza, aongezewe hatua ya kulia. Akiweza hiyo, ndipo adunde mara moja. Ukimwanzisha kwenye mstari wa kati kwa mbio, atafika golini na mguu usio wake na utaishia kumkemea bure. Mkono wa kushoto uanze wiki hiyo hiyo, usisubiri mwakani.

Na mtupo uanzie mita moja kutoka golini. Mpira ukae juu ya vidole, pabaki upenyo kidogo kati yake na kiganja; kiwiko chini ya mpira; mkono wa pili pembeni, kazi yake ni kushikilia tu. Nguvu itoke magotini. Akiingiza matano, arudi nyuma hatua moja. Kiwiko kikianza kutoka nje, amevuka uwezo wake, asogee mbele. Hakuna aibu katika kusogea mbele, na mwalimu aseme hivyo mbele ya wote.

Sasa suala la foleni, ambalo linatuuma kuliko yote. Watoto 20, goli moja, mpira mmoja. Kila mmoja akitumia sekunde nane, zamu inamrudia baada ya sekunde 160. Katika dakika 15 kila mtoto ametupa mara tano, labda sita, na muda uliobaki amesimama juani akisukumana na mwenzake. Mipira ikiwa sita, wagawanye: kundi moja golini, la pili lidunde kwenye mstari wa pembeni huku mwalimu msaidizi akionyesha vidole ili wataje idadi bila kutazama chini, la tatu wapeane pasi wawili wawili. Baada ya dakika nane wabadilishane. Mpira ukiwa mmoja tu, basi achana na foleni, wacheze.

Wacheze watatu kwa watatu, nusu uwanja. Watano kwa watano kwa watoto wa miaka kumi maana yake wawili wanacheza na wanane wanakimbia. Na kwa dakika kumi za kwanza uwe mchezo usioruhusu kudunda kabisa: pasi tano mfululizo ni pointi moja, kikapu pointi mbili, mwenye mpira asikae nao zaidi ya sekunde tatu. Mwanzoni itakuwa vurugu, wote watamfuata mwenye mpira wakimwomba. Kupiga kelele za "tawanyikeni" hakusaidii, hawajui watawanyike wapi. Chora alama tatu kwa chaki, kila moja mita nne kutoka kwa nyingine, waanzie hapo. Waonyeshe kwamba wakikaribiana, mkabaji mmoja anawafunika wawili. Halafu fundisha jambo moja tu: ukitoa pasi, kimbilia goli, usipopewa, tokea pembeni, mwenzako achukue nafasi uliyoiacha. Hapo ndipo mchezo wa timu unapoanza, na unaonekana kwa macho ndani ya wiki tatu au nne.

Pasi ya kudunda iguse chini kwenye theluthi mbili za njia, karibu na mpokeaji. Ikigusia karibu na mtoaji inapaa taratibu na kuibwa. Mpokeaji naye aufuate mpira, asiungoje.

Kuna jambo linaloharibu haya yote, nalo ni hamu ya kombe. Mwalimu akitaka ushindi wa haraka kwa watoto wa miaka 11, awapange watano chini ya goli wakabe eneo, kila mmoja akilinda sehemu yake badala ya kumfuata mtu. Atashinda, kwa kuwa watoto hawawezi kutupa kutoka mbali wala kupiga pasi ndefu. Lakini waliokaba hawakujifunza kumfuata mtu, na walioshambulia hawakupata nafasi ya kujifunza chochote. Nchi nyingi zimekataza kukaba eneo kwenye mashindano ya watoto kwa sababu hiyo. Wakabe mtu kwa mtu: uwe kati ya mtu wako na goli, umwone yeye na mpira kwa wakati mmoja, miguu isivukane.

Vivyo hivyo kwa mtoto mrefu. Tangu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam achaguliwe wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009, kila kocha anatafuta mrefu wake, akimpata anamsimamisha chini ya goli na kumkataza kudunda. Mrefu wa miaka 12 mara nyingi ni aliyewahi kukua. Akifika 17 wenzake wamemfikia, naye hajui kudunda wala kutupa kutoka nje. Na hata kama bado ni mrefu, angefundishwa yote, angekuwa mrefu anayejua mpira. Kila mtoto apande na mpira, kila mtoto acheze pembeni.

Akilalamika maumivu kwenye kile kinundu kilicho chini ya goti, hasa katika miaka ya kurefuka, asiambiwe ajikaze. Punguzeni kuruka kwenye saruji, na yakiendelea aende hospitali.

Kwa waandaaji wa mashindano, ombi letu ni dogo. Anayeandaa bonanza la watoto la likizo ya Juni aandike kwenye barua ya mwaliko namba ya mpira, urefu wa goli, kukaba mtu kwa mtu, na kwamba kila mtoto atacheza angalau robo mbili kati ya nne. Aviandike juu kabisa, palepale anapoandika tarehe na ada ya ushiriki.

Walimu wa mpira wa kikapu wa watoto,
Dar es Salaam