Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wajumbe wa Mkutano Mkuu,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji ya umoja wetu wa vikundi vya wakulima, karibuni sana Dodoma mliotoka Kondoa, Chemba, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Chamwino. Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na nakala mnazo mkononi, kwa hiyo sitazirudia. Mimi nitasema zaidi juu ya jambo lililotuchukulia muda kuliko yote mwaka huu, yaani namna mazao yetu yanavyotoka kijijini.

Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Mkulima wa mtama, uwele, alizeti au karanga anavuna mara moja kwa mwaka. Akiuza vibaya, hana msimu wa pili wa kufidia. Ndiyo maana Kamati ilipunguza semina za ujasiriamali, ambazo kusema kweli wengi wenu mmeshazizoea, nguvu ikaelekezwa kwenye mizani na ghala.

Nianze na lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa bado inafungwa mchana kweupe. Katika kijiji kimoja wilayani Kongwa, kikundi chetu kilisimamisha mizani kando ya lori la mnunuzi. Mama mmoja akataka gunia lake la mahindi lipimwe kabla ya kupakiwa. Lilikuwa limejazwa mpaka kupita mdomo, juu limeshonewa kamba kama wavu. Mshale ulifika 100 ukaendelea. Yule mama alifungua kamba, akachota mahindi na kuyamwaga kwenye turubai mpaka mshale ukarudi kwenye 100, ndipo akasema, "Haya, hili sasa ndilo gunia." Mnunuzi alinung'unika, lakini alilipa, na wanachama wengine wakapanga foleni nyuma yake. Mkulima mmoja mmoja hawezi kumwambia mnunuzi neno hilo. Kikundi chenye mizani yake kinaweza.

La pili ni kuhifadhi. Wengi wetu tunauza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kabisa, kwa sababu ya madeni, ada za watoto, na hofu ya dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka ghalani. Mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kawaida nje, imesaidia sana, kwani wadudu hufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Ila nafaka iwe kavu kwanza. Tusisahau mwaka 2016, pale ndugu zetu wa Dodoma na Manyara walipopoteza maisha kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi. Kipimo tulichofundishana hakina gharama: weka nafaka na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha nafaka juani, juu ya turubai, si kwenye udongo. Ninaomba kila katibu wa kikundi awaonyeshe watu wake kwa macho, asiishie kuwasimulia.

Kuhusu stakabadhi ghalani, yaani mkulima kupeleka mazao ghalani, kupewa stakabadhi, kisha mazao yakauzwa kwa mnada, Kamati inaunga mkono mfumo huu, ambao sheria yake ilipitishwa mwaka 2005. Mnada wa wazi unamnyima dalali nafasi ya kupanga bei peke yake shambani. Hata hivyo malalamiko ya wanachama wa ufuta na choroko tumeyasikia na tumeyapeleka panapohusika: mtu aliyepeleka mzigo ghalani hawezi kukaa wiki nzima nyumbani hakuna unga huku akisubiri malipo. Malipo yakichelewa, atamrudia dalali, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa Aprili 2023 na kurejea mwaka 2024. Haina riba, na ni haki yetu kuiomba. Vikundi vyetu vilivyokataliwa vingi vilikwama kwenye karatasi: katiba isiyosainiwa, akaunti ya benki isiyo ya kikundi, au andiko la mradi lililonakiliwa kwa jirani. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata mapema. Na waliopata, rejesheni kwa wakati, kwa sababu kikundi kingine kinasubiri fedha hiyo hiyo.

Kazi ya kisiki hai inaendelea vizuri Mpwapwa na Chamwino. Visiki vinavyochipua vinapogolewa na kuachwa vikue, na kivuli kimeanza kuonekana mashambani.

Kwa mwaka ujao, Kamati inapendekeza sehemu ya ada za wanachama inunue mizani kwa kila kata yenye vikundi vyetu, itunzwe kwa zamu na ihakikiwe kila mwaka na Wakala wa Vipimo. Najua wapo wanaotaka fedha hiyo igawanywe kama gawio. Tujadili hapa kwa uwazi, kisha tupige kura.

Ndugu wajumbe, naomba kuwasilisha.